Nikikataza sigara kwenye bustani ya mgahawa, wateja watanikimbia?

SWALI: Nina mgahawa wa bustani hapa Tabora Mjini, meza ziko chini ya miembe. Wanaokuja na watoto wanalalamikia moshi wa sigara. Nataka kuipiga marufuku, lakini wenzangu wenye baa wanasema nitafunga biashara, kwani wateja wangu wengi wa msimu ni wakulima wa tumbaku. Halafu, moshi wa nje si unapeperushwa na upepo? (Mama mwenye mgahawa)

JIBU: Mama, upepo hausaidii kama watu wanavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vya moshi wa sigara katika maeneo ya wazi. Aliyekaa karibu na mvutaji, upande moshi unakoelekea, anaweza kuvuta hewa chafu kama ya chumbani. Akisogea zaidi ya mita 2 hivi, moshi unapungua sana. Hapo ni mvutaji mmoja. Wakiwa meza nzima, umbali huo hautoshi.

Wenzako wana haki ya kuogopa, mtaji ni wao. Tatizo ni kwamba wanamsikia mteja mmoja tu. Mvutaji akikatazwa, analalamika papo hapo, tena kwa sauti. Familia iliyokerwa na moshi inamaliza kuku wake, inalipa, inaondoka na hairudi tena. Hiyo haiandikwi kwenye daftari lolote.

Ireland ilipokataza sigara ndani ya baa na migahawa Machi 2004, wenye baa nao walihofia hasara. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipitia tafiti za nchi mbalimbali, likahitimisha kuwa marufuku hizo hazishushi mauzo ya migahawa na baa. Ila nyingi zilihusu ndani ya majengo, kwa hiyo kwa bustani yako pima mwenyewe.

Na kupima Tabora kunataka uangalifu. Fedha ya tumbaku ikiingia Urambo, Kaliua na Sikonge, mji mzima unachangamka. Masoko yakifungwa, mauzo yanashuka hata kama hukubadilisha kitu. Ukianza marufuku wakati huo, utailaumu bure. Linganisha kila mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana, chakula kivyake na vinywaji kivyake. Andika pia meza zilizokaliwa na watoto.

Kuhusu wakulima, usiwaonee haya. Sehemu kubwa ya tumbaku yetu inauzwa nje ya nchi. Bei ya jani lililotoka banini, yaani kwenye banda la kukaushia tumbaku, haitegemei anayevuta kwako. Na Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 haimlazimishi mwenye mgahawa kuruhusu sigara.

Kama kukataza kabisa kunakutisha, anza na kona moja. Jioni tazama moshi wa jiko lako la mkaa unalala upande gani, kisha weka benchi la wavutaji huko, mbali na meza na mlango wa jikoni. Ondoa visahani vya majivu mezani vyote, maana kisahani ni ruhusa tosha. Wahudumu wasikaripie mtu; waseme, "Karibu uvutie pale, mzee, chakula chako nitakiangalia." Hao wahudumu ndio ninaowahurumia zaidi. Mteja anakaa saa moja. Wao wanazunguka kwenye moshi huo tangu mchana hadi usiku, na wajawazito wamo.