Tundu la Boriti ya Nyuma: Pima Hadi Uchoke Ndipo Ushike Drili

Msomaji mmoja anayeunda RV-7, ndege ndogo ya kujiundia mwenyewe, kwenye gereji ya nyumbani kwake huko Marekani amenitumia picha mbili na swali fupi. Ametoboa tundu la bolti inayoshika boriti ya nyuma ya bawa la kulia, na kitovu cha tundu kimeangukia inchi 7/16 kutoka ukingoni. Michoro inataka isipungue 5/8. Anauliza kama inatosha.

Haitoshi, ndugu yangu. Inaniuma kukuambia hivyo, maana bawa halifiki hatua hiyo bila maelfu ya ribiti kupigwa moja moja. Lakini usifunge bolti hapo. Usipanue tundu ili uweke bolti nene zaidi, kwa sababu bolti nene inadai ukingo mpana zaidi. Usichomelee, kwani moto unaua ugumu wa aluminiamu ya ndege. Piga picha tundu likiwa na rula kando yake, andika vipimo vya pande zote, uwatumie mafundi wa Van's Aircraft, kampuni iliyosanifu RV-7, kule Aurora, Oregon, kisha usubiri jibu la maandishi. Wao ndio waliopiga hesabu za boriti ile. Huenda wakakuelekeza kuongeza bamba la kutia nguvu, huenda wakataka kipande kizima kibadilishwe. Lolote watakalosema, lifuate.

Kwa wengine ambao hamjatoboa bado, someni haya taratibu.

Kanuni ni kwamba kutoka kitovu cha tundu hadi ukingo kuwe na angalau mara mbili ya kipenyo cha bolti. Namba za bolti za AN, aina ya kawaida ya bolti za ndege, huhesabiwa kwa sehemu ya 16 ya inchi: AN3 ni 3/16, AN4 ni 1/4, AN5 ni 5/16. Bolti ya nyuma ni AN5, ndiyo maana 5/8. Boriti kuu hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa bawa kupinda kwenda juu. Bolti ya nyuma hulizuia bawa lisijisokote na ncha yake isiyumbe mbele na nyuma. Nguvu ikija, bolti inasukuma kile kipande cha chuma kilicho kati yake na ukingo. Kikiwa chembamba kinachanika, kama tundu la mkanda wa ngozi lililotobolewa karibu mno na mwisho.

Matundu ya boriti kuu ya RV-7 yanakuja yametobolewa kiwandani. Hili la nyuma umeachiwa wewe, kwa kuwa bawa halijulikani limekaa sawa mpaka liwe limeingia kwenye kiwiliwili cha ndege.

Kwanza tafuta nafasi. RV-7 ina upana wa futi 25 kutoka ncha hadi ncha, na mlango wa gereji ya magari mawili huwa futi 16 hivi. Wengi hufanya kazi hii uwanjani kwao siku isiyo na upepo, au huomba banda la ndege kwa wikiendi moja. Banda ni bora zaidi, kwa sababu timazi haitaki upepo. Hata ndani, tumbukiza kila timazi kwenye kopo la maji ili itulie haraka.

Kiwiliwili kikae juu ya stendi imara. Kikiwa juu ya magurudumu, tairi hubonyea na kila anayekiegemea anakihamisha. Weka pimamaji kwa upana na kwa urefu, mahali michoro inapoelekeza, na uirudie kila mtu anapogusa ndege. Hili linachosha. Lifanye hivyo hivyo.

Kabla ya kuingiza bawa, chora kwenye kipande cha boriti ya nyuma mistari iliyo inchi 5/8 kutoka kila ukingo. Fanya vivyo hivyo kwenye uma wa kiwiliwili unaokipokea, bamba la mbele na la nyuma. Kisha chora mstari wa rejea kwenye boriti, inchi kadhaa kutoka mwisho wake, mahali patakapoonekana nje ya uma. Bawa likishaingia huoni tena kilichomo ndani ya uma, na mstari huo ndio utakaokuambia ncha ya boriti imefika wapi. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoniandikia baadaye.

Kuingiza bawa kunataka watu wanne: mmoja nchani, wawili katikati mbele na nyuma, mmoja ndani akiongoza boriti. Kwa kujaribisha, kwenye matundu ya boriti kuu tumia bolti za duka la vifaa zilizo nyembamba kidogo, ncha zake zikipigwa tupa ziwe kama penseli. Bolti zenyewe za boriti kuu, aina ya NAS, zinabana sana. Zikiingizwa na kutolewa mara tano zitakwaruza matundu.

Sasa mwelekeo wa mabawa. Ukingo wa mbele wa bawa la RV-7 umenyooka, hivyo teremsha timazi mbili kila bawa, moja karibu na kiwiliwili na moja karibu na ncha. Nyuzi zote nne zikikaa kwenye mstari mmoja, mabawa yamenyooka. Ukivuta boriti ya nyuma kwenda nje, ncha ya bawa inakwenda mbele. Ukiisukuma ndani, ncha inarudi nyuma. Ncha husogea mara nne au zaidi ya unavyosogeza kwenye uma, kwa hiyo gusa kidogo kidogo.

Timazi zikikubali lakini mstari wa rejea ukaonyesha ukingo hautoshi, simama. Mara nyingi kona ya boriti inagonga kitu kabla haijaingia vya kutosha. Itoe, uone alama ya msuguano, ukate pale tu michoro inaporuhusu, ulainishe kwa tupa, urudishe.

Pembe ya bawa hupimwa kwa pimamaji kutoka juu ya boriti kuu hadi ya nyuma, upande wa nyuma ukiwekewa kibao cha kimo kilichotajwa kwenye michoro. Pima karibu na kiwiliwili na karibu na ncha. Muhimu kuliko yote ni mabawa mawili yalingane, la sivyo ndege itaelemea upande mmoja na rubani atapigana na usukani safari nzima. Maliza kwa kupima kutoka nukta moja katikati ya mkia hadi kila ncha.

Banisha kwa klempu, kisha rudia vipimo vyote, kwa sababu klempu yenyewe husogeza chuma. Toboa kwanza kwa biti ya inchi 1/8 ukitumia kipande cha chuma chenye tundu la mwongozo lililonyooka, maana drili ikiinama kidogo tundu linatokea mahali pengine upande wa pili, na ukingo unaopungua ni ule usiouona. Angalia mbele na nyuma. Panda 3/16, 1/4, halafu malizia kwa rima (kifaa cha kulainisha tundu hadi kipimo kamili) ya 5/16. Kisha toa mabawa, ondoa makali ya matundu na unyoya wa chuma uliobaki kati ya bamba.

Siku ya kufunga mabawa kwa kudumu, weka bolti za NAS kwenye friza usiku mzima, zipake mafuta, ziingize bila kuzigonga kwa nyundo ya chuma. Kaza kwa kuzungusha nati, kichwa cha bolti kikiwa kimetulia. Kwa AN5 kipimo cha kawaida ni paundi-inchi 100 hadi 140, na nati ya kujifunga ina ukinzani wake: usome kwenye spana ya toki kabla nati haijagusa washa, kisha uujumlishe. Ukimaliza kila nati ipake mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili ikilegea uone mstari umekatika.