Kambi ya kiangazi ya vijana wa LGBTQ kaskazini mwa Kanada: kwa anayetaka kujitolea

Mwaka 2004 André Grace na Kristopher Wells wa Chuo Kikuu cha Alberta walianzisha Camp fYrefly mjini Edmonton, kambi ya siku chache inayowafundisha uongozi vijana wa LGBTQ. Wells sasa ni seneta. Majina ya waanzilishi ndiyo yanayovuma, ila kambi za aina hii hubebwa na muuguzi, mpishi, dereva na mtu aliye tayari kukesha. Makala haya ni kwa Mswahili aliyeko Edmonton, Calgary au Yellowknife anayefikiria kujiunga nao.

Anza na karatasi, tena mapema. Kambi ya Julai hudai cheti cha polisi cha wanaofanya kazi na watoto, na ombi likipelekwa Mei mara nyingi huchelewa. Tarehe yako ya kuzaliwa na jinsia yako zikilingana na za mtu aliye kwenye kumbukumbu za waliosamehewa makosa ya ngono, utaitwa kutoa alama za vidole, ingawa huna kosa lolote, na hapo wiki kadhaa zinapotea. Peleka ombi Machi. Kama umehamia Kanada karibuni, tafuta pia wadhamini wawili waliokuona ukifanya kazi na vijana, kwa kuwa polisi wa hapa hawana kumbukumbu za ulikotoka.

Kwa vijana 40 tunashauri viongozi wa vikundi wanane, wapishi watatu, washauri nasaha wawili, muuguzi mmoja, na watu wawili wa usiku ambao mchana hawapewi kazi yoyote. Hao wa usiku ndio wanaosahaulika kwenye bajeti. Mwaliko wa mzee wa jamii za asili una taratibu zake: Alberta huombwa kwa kumkabidhi tumbaku, na bahasha ya shukrani inaandaliwa kabla hajafika. Asifuatwe baadaye kwa risiti.

Sasa fomu ya kujiandikisha, maana hapa ndipo kijana anapoweza kuumizwa na watu wanaompenda. Fomu iulize majina matatu: lililo kwenye kadi ya afya, analotaka kuitwa kambini, na la kutumia tukipiga simu nyumbani. Kijana anaweza kuitwa Amani kambini na jina jingine kabisa sebuleni kwa mama yake. Muuguzi akipiga simu saa tano usiku kwa ajili ya homa, akasema "Amani anaumwa", siri imetoka. Kwa hiyo karatasi ya dharura iwe na jina la nyumbani juu kabisa, kwa wino mwekundu, na ishikwe na muuguzi na mratibu tu. Beji za shingoni zichapishwe kutoka orodha nyingine. Ukitumia orodha moja kwa kazi zote mbili, ipo siku utachanganya. Kwa vijana wa Alberta hili lina uzito zaidi: sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inaitaka shule ipate ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia jina jipya ambalo mwanafunzi aliye chini ya miaka 16 amelichagua kulingana na jinsia anayojitambua nayo. Pengine kambi ndiyo mahali pa kwanza anapolisikia jina hilo likiitwa kwa sauti.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa za Wakongomani na za watu waliopitia kambi za wakimbizi za Kakuma au Uganda, kuna hatari nyingine. Mzazi hajui Kiingereza vizuri, na mratibu, kwa nia njema kabisa, anamwomba jirani, mchungaji au dada wa kijana atafsiri. Kufikia Jumapili kanisa zima lina habari. Tumia mkalimani wa simu anayelipwa, omba awe wa mji mwingine, na usimtajie jina la ukoo. Ukipiga mwenyewe, usikurupuke: salimia, ulizia nyumbani, mwite mzee au mama fulani, halafu ndiyo useme la msingi. Na usimdanganye mzazi. Kama kijana wa miaka 15 hawezi kuja bila uongo, ni afadhali umtafutie programu ya mchana mjini kwao kuliko kumrudisha kwenye nyumba iliyogundua.

Picha: mpiga picha awe mmoja, na kamba nyekundu ya beji iwe na maana ya "nisipigwe picha". Omba ruhusa tena siku ya mwisho. Aliyekubali siku ya kwanza, akiwa na furaha tele, huenda anawaza mengine akifunga begi.

Fulana za kubana kifua (binder), ambazo baadhi ya vijana huvaa ili kifua kionekane bapa, hazivaliwi zaidi ya saa nane kwa siku, wala wakati wa kulala. Dalili mbaya ni kuishiwa pumzi, maumivu ya mbavu na ganzi. Tangazo la kuzivua litolewe kwa wote wakati wa chakula cha jioni, bila kumtazama mtu. Wengi hawavui kwa kuona aibu ya kuonekana kifua, basi weka masweta kumi makubwa ya kofia kwenye kapu karibu na mlango, achukue atakaye. Homoni hukaa kwenye sanduku la muuguzi lenye kufuli, pamoja na kopo gumu la sindano zilizotumika.

Kaskazini Julai giza halishuki mapema. Edmonton jua huzama karibu saa nne usiku, na Yellowknife kwenye saa tano na nusu, tena giza kamili haliji. Ziba madirisha kwa plastiki nyeusi, la sivyo hakuna atakayelala, na kijana asiyelala siku mbili hulia kwa jambo dogo. Chakula, hata dawa ya meno, kisikae kwenye vyumba vya kulala, kwa sababu ya dubu. Moshi wa moto wa misitu usiupuuze: Agosti 2023 mji mzima wa Yellowknife ulihamishwa. Basi libaki kambini na tangi limejaa, na kipimo cha Kanada cha ubora wa hewa (AQHI) kikifika 7, shughuli zote ziingie ndani.

Mazungumzo mazito huanza saa tano usiku. Kaa ukumbini, taa zikiwaka, mlango wazi, mwenzako akikuona. Kabla kijana hajafunguka mwambie: "Nikisikia uko hatarini, itabidi nimweleze mshauri." Kisha sikiliza. Usianze kumsimulia ya kwako.

Siku za kwanza nyumbani ni ngumu kuliko zote. Mpigie kijana siku ya tatu, halafu baada ya wiki mbili, kwa saa na jina alilochagua mwenyewe, na kabla hajaondoka awe na namba 988, ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua, kwenye simu yake. Inapokea simu na ujumbe kote Kanada saa 24, tangu Novemba 2023. Ratiba ya simu hizo, na jina la atakayepiga kila moja, iandikwe kabla kambi haijaanza. Ikisubiri kambi iishe, kila mtu atakuwa amelala.