Maswali ya Safari: Fez na mama anayeumwa magoti

SWALI: Shikamoo Mama. Mwezi wa kumi namsindikiza mama yangu Moroko, tumealikwa na ndugu yetu anayefanya kazi Casablanca. Tumetenga siku mbili za kwenda Fez. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na haja yake ni moja tu: kuswali katika msikiti wa Qarawiyyin. Ila kila ninayemuuliza ananiambia mji ule ni vichochoro na vilima vitupu, na kwamba vijana wa pale hukupoteza makusudi ili uwalipe wakutoe. Nimpeleke, au nimwache Casablanca?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpeleke, tena usisite.

Taabu ya Fez kwa mwenye magoti ni mteremko. Mji wa kale, Fes el-Bali, umekaa bondeni. Wageni wengi huingilia juu, kwenye lango la Bab Bou Jeloud, wakashuka na njia ya Talaa Kebira mpaka Qarawiyyin, kisha wakapanda kurudi walikotoka. Kushuka huko peke yake kunatosha kumlaza mama siku nzima. Nyinyi mna siku mbili, kwa hiyo ugaweni mji: siku moja chini, siku moja juu, na kile kilima msikiguse.

Siku ya chini, panda teksi ndogo, za Fez ni nyekundu, mwambie dereva Rcif. Ni uwanja ulio ndani kabisa ya mji wa kale, na gari linafika. Kutoka hapo mwendo ni mfupi hadi Seffarine, kiwanja cha mafundi wa shaba. Utazisikia nyundo kabla hujawaona wenyewe. Mwache mama apumzike hapo kwa glasi ya chai ya nanaa huku akiwatazama wakifua masufuria makubwa ya karamu. Ukuta wa Qarawiyyin uko jirani.

Msikiti huo, kwa mapokeo ya wenyeji, ulianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, ambaye jamaa zake walihamia Fez kutoka Kairouan, Tunisia. Alitumia mali aliyorithi. Mweleze mama habari hiyo kabla hamjaingia. Asiyekuwa Mwislamu huishia mlangoni, akachungulia ua na vigae vyake. Nyinyi mtaingia, na wanawake wana sehemu yao. Mama atawadhe hotelini kabisa, na abebe mfuko wa viatu. Asishangae akiona wengi wamesimama katika swala mikono imening'inia ubavuni: kule wanafuata madhehebu ya Malik, sisi wa pwani tumezoea ya Shafii. Mkitoka, pitieni madrasa ya al-Attarine, iko karibu. Kisha rudini Rcif mpande teksi.

Njiani mtasikia mtu anapaza sauti, "Balak! Balak!" Msigeuke kutazama. Egameni ukutani papo hapo, maana nyuma yenu kuna nyumbu aliyebeba ngozi au mitungi ya gesi, na uchochoro unamtosha yeye tu. Magari hayaingii humo, mizigo yote hubebwa na wanyama na mikokoteni.

Siku ya pili ingieni kwa Bou Jeloud, lenye vigae vya buluu nje na kijani ndani. Hatua chache mbele mtakuta madrasa ya Bou Inania, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Aliyeijenga, miaka ya 1350, ni Sultani Abu Inan. Ndiye huyo huyo aliyeamuru safari za Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, ziandikwe, mzee akisimulia na Ibn Juzayy akiandika, hapo hapo Fez. Ibn Battuta alikuwa amefika kwetu mwaka 1331: alilala Mombasa, akaona watu wanavyonawa miguu kabla ya kuingia msikitini, akaenda Kilwa na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Kutoka Mombasa kwenda Kilwa chombo chake kilipita pwani yenu ya Tanga. Mengi tunayoyajua ya Kilwa ya karne ile yanatoka katika maneno yaliyoandikwa katika mji huo. Ndiyo maana nachukizwa na wanaokwenda Fez kupiga picha za mashimo ya rangi wakarudi.

Mashimo hayo ya Chouara, ambako ngozi hulainishwa kwa chokaa na kinyesi cha njiwa, huonekana kutoka juu ya maduka ya ngozi. Ni ngazi nyingi na harufu kali, mama asiende. Ukienda wewe, watakupa tawi la nanaa la kunusa, na watataka ununue.

Kuhusu vijana: atakayekwambia "njia imefungwa, nifuate" usimfuate. Omba hoteli ikutafutie mwongozaji mwenye kitambulisho cha serikali, patana bei mapema, na mwambie wazi kwamba hamtaki kupelekwa madukani. Na Ijumaa epukeni, maduka mengi hufungwa.

SWALI: Nimesoma Kiarabu chuoni tangu utotoni. Kitanitosha Moroko?
Msomaji, Lamu

JIBU: Kusoma vibao, ndiyo. Kusikia, pole. Wanachozungumza mitaani ni Darija, Kiarabu cha kwao, na wanaimeza irabu mpaka neno unalolijua likupite. Wewe sema Kiarabu chako cha vitabuni polepole, watu wazima wengi watakuelewa na wataanza kukujibu hivyo hivyo. Vijana wa hotelini watakimbilia Kifaransa. Tarakimu ni hizi hizi tunazotumia sisi, 1, 2, 3, kwa hiyo bei ikikutatiza mwombe muuzaji aiandike, na iwe kwa dirham.