Pua inayoziba upande uleule kila siku

Miaka minne sikutoka nyumbani bila kichupa cha matone ya pua. Tundu la kushoto liliziba usiku na mchana. Naamka kinywa kikavu, mume wangu analalamika nakoroma. Kila duka la dawa niliambiwa ni mafua, au vumbi la Dar.

Pua isiyo na tatizo huvimba ndani kwa zamu: saa kadhaa upande huu, kisha ule. Ikiziba upande uleule mwaka mzima, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wangu alichungulia kwa kamera nyembamba, akanionyesha: ukuta unaotenga matundu mawili, ambao mbele ni gegedu (tishu ngumu inayopindika, kama ya sikio) na nyuma ni mfupa, ulikuwa umepinda hadi kugusa nyama ya pembeni. Nikakumbuka kiwiko nilichopigwa kwenye netiboli nikiwa kidato cha pili.

Hakunikimbiza chumba cha upasuaji, na kwa hilo namshukuru sana. Wengi wana ukuta uliopinda kidogo wala hawajui. Kwanza aliniachisha yale matone, maana yakizidi wiki moja pua huyazoea, na nguvu ya dawa ikiisha inaziba kuliko mwanzo. Akanipa dawa ya kupuliza ya steroidi, ya kupunguza uvimbe. Wiki sita baadaye tundu la kulia, ambalo nalo lilikuwa limebana, lilifunguka; la kushoto vilevile. Ndipo tukakubaliana kupasua.

Nilipigwa nusu kaputi. Chale hupita ndani ya tundu, kwa hiyo usoni hakuna kovu: daktari huinua utando, hunyoosha au kuondoa kipande kilichopinda, kisha hushona. Muulize wazi kuhusu hatari zake: kutokwa damu, maambukizi, ukuta kutoboka, meno ya juu kufa ganzi.

Maumivu yalikuwa madogo kuliko nilivyohofia; kero ilikuwa kuziba. Wiki nzima nilipumua kwa mdomo, nikalalia mito mitatu, chafya naitoa mdomo wazi, kupenga kamasi marufuku. Siku ya 7 daktari alikata uzi, akavuta vipande viwili vya silikoni alivyoviacha ndani ya pua kushikilia ukuta, virefu kuliko nilivyodhani. Machozi yalinitoka. Halafu hewa ikapita kushoto, ya baridi, mpaka kooni.

Aleji ya vumbi bado ninayo, maana upasuaji hunyoosha ukuta tu. Kila jioni naosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Na mtoto akigongwa pua, kisha ikaziba kabisa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Damu ikikusanyika ndani ya ukuta, gegedu hukosa lishe na kufa, na pua huweza kubonyea.