Boundary Waters na watoto: mambo ya dubu yanaanzia jikoni kwako

Mkuu, umeuliza kama ni salama kuwapeleka wanao wawili mwezi wa nane Boundary Waters, lile eneo la maziwa na misitu kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mpakani na Kanada, na kama mkilala kisiwani mtakuwa mmewakwepa dubu. Nimekwenda kule mara nne tangu nihamie Minnesota. Wapeleke, wataikumbuka safari hiyo maisha yao yote. Ila kuhusu kisiwa, ngoja nikusimulie yaliyotupata safari ya kwanza, nikiwa na mdogo wangu na mkewe.

Usiku wa pili tulifika kambini hoi. Tulikuwa tumepiga kafi tangu asubuhi, na mara tatu tumebeba mtumbwi mabegani kuutoa ziwa moja hadi jingine. (Njia hizo kwenye ramani zimepimwa kwa rodi; rodi 320 ni maili moja. Ukiona rodi 100 usiidharau.) Kambi ilikuwa kisiwani, nikawaambia wenzangu huku dubu hafiki. Mfuko wa chakula tukautundika kwenye tawi la msonobari, chini kiasi kwamba nikinyoosha mkono naugusa.

Saa nane za usiku nikasikia kitambaa kinachanika polepole, halafu pumzi nzito, kama ng'ombe anavyohema zizini. Nikamulika tochi. Dubu mweusi amesimama kwa miguu ya nyuma, kucha zimezama kwenye mfuko, pua nyeupe kwa unga wa sembe. Manyoya ya tumboni yalikuwa yanachuruzika maji. Alikuwa ameogelea.

Tulisimama watatu bega kwa bega, tukagonga masufuria na kupiga kelele, bila kumsogelea na bila kumzibia njia. Usikimbie, mkuu, na waambie watoto kabla hamjaondoka nyumbani kwamba hakuna kukimbia. Akaondoka na pakiti ya dagaa mdomoni. Asubuhi tulizunguka kisiwa kizima tukiokota vipande vya plastiki, kisha tukageuza mtumbwi kurudi, siku mbili kabla ya muda.

Mpaka leo inaniuma kwamba mimi ndiye niliyemfundisha yule mnyama. Dubu akishakula kambini mara moja, atarudi, na atakayemkuta ni familia nyingine yenye watoto kama wako. Akizoea watu hadi woga ukamtoka, mara nyingi mwisho wake ni risasi. Mtu anayetundika chakula ovyo haoni hayo, kwa sababu yeye ameshaondoka zake.

Kwa hiyo anza nyumbani. Makopo na chupa za kioo za vyakula na vinywaji ni marufuku kule, utalazimika kufungasha upya tu. Mimi napima mchele, dengu na uji wa kila siku kwenye mifuko yake, ili kila mlo uishe wote bila kiporo. Dagaa siku hizi nawaacha nyumbani. Harufu yao inapenya mifuko mitatu. Halafu kumbuka dubu haulizi kama hiki ni chakula, anafuata harufu: dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, na peremende walizoficha watoto. Kila jioni kagua mifuko ya nguo zao kabla hawajaingia kwenye hema.

Kuhifadhi kuna namna mbili. Ya kwanza ni kamba: mfuko uwe angalau futi 12 kutoka ardhini na futi 6 kutoka kwenye shina. Kupata tawi la namna hiyo ni kazi, na kulitafuta gizani haiwezekani, hivyo fanyeni hivyo mkifika tu. Ya pili, ninayoitumia sasa, ni chombo kigumu kilichothibitishwa kwamba dubu hawezi kukifungua. Kiweke chini mbali na mahema, mahali ambapo kikisukumwa hakitabingirikia ziwani. Kamwe usifiche chakula chini ya mtumbwi. Akiupasua, mtarudije?

Choo kipo kila kambi, sanduku tu msituni. Makombo usitupe humo, dubu atayafukua. Vyombo oshea mbali na ziwa, kiasi cha futi 200, hata kama sabuni imeandikwa kwamba inaoza yenyewe. Mkivua samaki, matumbo yafukieni mbali na kambi na mbali na maji.

Moto nao usiuchukulie poa. Moto wa Ham Lake, Mei 2007, ulianzia kwenye moto wa kambi, ukateketeza ekari zipatazo 75,000 upande wa Marekani na wa Kanada. Washa kwenye chanja ya chuma iliyopo kambini tu, kwa kuni kavu zilizoanguka zenyewe. Kabla ya kulala mwaga maji, koroga, mwaga tena, mpaka uguse majivu kwa kiganja yawe baridi.

Kibali cha kulala kinahitajika, na kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 idadi ina kikomo, kwa hiyo weka nafasi mapema. Kinakupa mahali pa kuingilia, si kambi. Kambi ni ya atakayewahi, hivyo mkiwa na watoto anzeni kutafuta mapema mchana. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Maboya wayavae muda wote wakiwa majini.

Safari yangu ya mwisho, asubuhi tulikuta nyayo kwenye tope kando ya ziwa. Zilikwenda hadi kwenye chombo, zikakizunguka, na mfuniko ulikuwa na mikwaruzo miwili mipya. Kisha zikaelekea vichakani kwenye mabuluberi. Chombo chenyewe kipo hapa kwangu Minneapolis. Kama safari bado ni Agosti, nitumie ujumbe uje ukichukue.