Muulize Mwalimu: Kura, Zoom na rafiki zetu wa Hamburg

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Uraia sekondari moja huku Temeke, shule yetu ina urafiki na shule ya Hamburg, huu mwaka wa tatu. Kila muhula tunafanya Zoom mara mbili, watoto wanaonyeshana ugali na zile soseji zao, wanaimba, bando linaisha, basi. Sasa mkuu wa shule anataka niandike ripoti kwamba kupitia urafiki huu wanafunzi wamejifunza misingi ya demokrasia. Wiki nzima nimekaa na kalamu. Niandike nini?
Mwalimu wa Uraia, Temeke

Marahaba mwalimu mwenzangu. Usiandike kitu kwanza, maana utadanganya, na ripoti za hivyo tunazo za kutosha kabatini. Nikuulize, hiyo mada ya ugali na soseji aliichagua nani? Nadhani ni wewe na mwalimu wa kule mlipanga WhatsApp saa tano usiku, watoto wakaja kuambiwa tu kesho mje na sufuria. Hapo wamejifunza mapishi, sio mbaya, ila hakuna walichoamua.

Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, kwa hiyo shule kama yenu zipo, na shida yako naijua. Mimi nimestaafu ila mambo ya shule rafiki nimeyashika miaka kadhaa, na kitu kilichofanya kazi kweli kwetu kilikuwa swali moja la kijinga kabisa: hapa shuleni nani anaamua nini? Kila upande unachukua karatasi ya manila unaandika, sare anaamua nani, muda wa kutoka nani, chakula nani, kiranja anapatikanaje, choo kinapigwa deki na nani na nani kasema awe huyo. Halafu mnakutana kwenye Zoom mnalinganisha.

Hao wa Hamburg watakwambia sheria yao ya elimu inataka kila shule ya sekondari iwe na baraza ambalo wanafunzi, wazazi na walimu wanakaa kwa idadi sawa pamoja na mkuu wa shule, na wanapiga kura. Watakwambia pia kwamba bunge la Hamburg wanalichagua wakiwa na miaka 16, uchaguzi wa kwanza wa hivyo ulikuwa 2015, wakati wenu wanasubiri 18. Wa kwetu watasema nasi tuna serikali ya wanafunzi, kaka mkuu na dada mkuu tunawapigia kura, wanamwaga sera mstarini kabisa, ila majina walimu wanayachuja kwanza. Hapo patakuwa na kimya kidogo. Usikimbilie kukijaza, wacha kiwepo.

Lakini usigeuze kikao kuwa cha kusifia wenzetu. Kwetu sisi wale watoto wa kizungu walishangaa kusikia wanafunzi ndio wanaosafisha shule, wakauliza swali ambalo sisi walimu hatukuwahi kujiuliza, hiyo zamu anaipanga nani? Watoto wetu wakaangaliana. Kumbe anapanga kaka mkuu, na kidato cha kwanza wanaosha choo mwaka mzima huku rafiki zake wa kidato cha tatu wanamwagilia maua! Wiki iliyofuata wakaja watatu ofisini kwa mwalimu wa zamu na ratiba mpya waliyoichora wenyewe, wadogo kwa umbo ila wamejipanga, mmoja anasoma wawili wanaitikia. Ukipata kitu kama hicho, hicho ndio uandike kwenye ripoti yako, na mkuu akisema hakitoshi mwambie aje kwangu.

Wala sio jambo la kuletewa na ndege. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, 1967, alishasema wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule na waone matokeo ya uamuzi wao. Sisi tukachukua jembe, uamuzi tukauacha.

Halafu kuna hela, na hapa ndipo urafiki mwingi unapoharibika. Kule watoto wanauza keki, wanakimbia mbio za hisani, zinatumwa euro, huku ofisi inajibu tunataka kompyuta. Nani kaulizwa? Labda watoto wangesema tangi la maji. Wapeni wapige kura hela ifanye nini, kura ya siri, na risiti zisomwe mstarini mbele ya wote, na kura hiyo hiyo ipigwe Hamburg kuhusu kitu watakachofanya wao kwao, maana kama upande mmoja unatoa tu na mwingine unapokea tu na kuimba asante, mtoto anachojifunza ni kuomba.

Jambo dogo tu, saa. Wakikwambia saa 4 wao ni saa 4 jioni, yaani yetu ya 10, halafu ongeza tofauti, ambayo ni saa mbili wakati wa baridi kwao na saa moja kiangazi. Mimi nimewahi kukalisha watoto 40 mbele ya projekta wakati wenzetu hata kuamka bado.

Swali: Mwalimu, mimi naogopa. Wanafunzi wakianza kujadili demokrasia na wageni mtu atasema naleta siasa shuleni. Nafanyaje?
Mwalimu, Singida

Uoga wako una sababu, sikucheki. Siasa za vyama zibaki getini, hilo halina mjadala. Lakini sikia Wajerumani walifanya nini, maana wao wanajua kuliko wengi shule ikitumika kupika akili za watoto inafikia wapi, waliyaona enzi za Hitler, kabla ya 1945. Mwaka 1976 walimu na wataalamu wao wa elimu ya uraia walikutana mji mdogo unaitwa Beutelsbach, wakiwa wamegombana wee kuhusu namna ya kufundisha siasa, wakatoka na mambo matatu ambayo mpaka leo walimu wa kule wanayafuata. Mwalimu asimlazimishe mwanafunzi msimamo wake. Jambo ambalo watu wazima wanabishania huko nje, darasani nalo liletwe kama ubishi, pande zote zisikike. Na mwanafunzi asaidiwe kujua yeye mwenyewe maslahi yake yako wapi na anaweza kufanya nini. Andika hayo matatu, mpe mkuu wako na mwalimu wa shule rafiki, wote watatu muweke sahihi kabla ya kikao cha kwanza. Akija mtu kuuliza unamwonyesha karatasi.

Swali: Mwalimu habari. Mwanangu yuko Form Two hapa Mombasa, shule yao inaongea na shule ya Ufaransa. Juzi kaniambia ati hata mambo ya nyumbani tuyapigie kura. Hizi si tabia za kizungu?
Mzazi, Mombasa

Nzuri ndugu yangu. Nimecheka, samahani. Kwanza wewe chama chako cha kuchangishana kila mwezi mwenye kushika daftari mlimpataje, si mlikaa mkamchagua? Na akila hela mnamtoa. Sasa mtoto kuona kitu hicho na kukitaka tabia ya kizungu iko wapi? Kenya yenyewe, baada ya zile fujo za shule za 2008, ilianza mwaka uliofuata kuhamia kwenye mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa badala ya maprifekti wa kuteuliwa na walimu. Na Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto, wa 1990, unasema mtoto asikilizwe. Kusikilizwa lakini, sio kupitisha bajeti. Ada unalipa wewe, hilo mwambie bila kuona haya. Ila likizo mkienda kwa bibi au kwa mjomba, hiyo mpigie kura, na ukishindwa ushindwe kweli usilete ukali.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Tulipiga kura wanne waende Ujerumani, ubaoni tukaona majina, wiki iliyofuata jina moja limebadilika na kawekwa mtoto wa mtu. Tufanye nini?
Kidato cha Tatu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Msigome na msivunje kitu, mtapoteza haki yenu mchana kweupe. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa bodi ya shule kupitia kwa mkuu, msaini kwa majina, muombe mambo mawili tu, kura zihesabiwe upya mbele ya wagombea na sababu ya kubadilisha itolewe kwa maandishi. Inawezekana sababu ipo, mfano mzazi wa huyo mwenzenu hakukubali, na kama ipo waseme.

Ila nikwambie ukweli, mimi hata kura ya kuchagua wa kusafiri siipendi sana, anashinda mcheshi na mwenye pesa ya pipi. Mwakani pendekezeni hivi: vigezo vibandikwe kwenye ubao wa matangazo mwezi mmoja kabla, waliofanya kazi za urafiki mwaka mzima wajulikane kwa daftari la mahudhurio, halafu kati yao majina yatiwe kwenye kopo na mwanafunzi wa kidato cha kwanza achomoe mbele ya shule nzima. Na wakichomolewa wachomolewe sita, wawili wa akiba, maana pasi za kusafiria, ridhaa ya wazazi na viza vinachukua muda na kuna jina litakwama tu.