Kufuta mafaili tu haitoshi kabla ya kuuza laptop

Mdogo wangu, umesema unataka kuuza laptop yako hapo Mwanjelwa, picha na vyeti ushafuta mpaka kwenye kapu la takataka, unauliza kama inatosha. Haitoshi, usiiuze kwanza. Ukifuta faili kompyuta haifuti kilichomo, inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi, kwahiyo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake mtu mwenye programu ya bure kama Recuva anaweza kukirudisha. Mi niliuza yangu Iringa nikiwa chuo, wiki mbili baadae aliyeinunua akanitumia picha ya cheti changu cha kuzaliwa, aisee sikulala.

Fanya hivi, kwanza hamisha vyako kwenye diski ya nje, halafu toka kwenye Gmail na futa paswedi zilizosevu kwenye brauza, na WhatsApp ya kwenye laptop itoe kwa kutumia simu yako, pale kwenye vifaa vilivyounganishwa, wengi wanasahau hapo. Kisha kama ni Windows 10 au 11 nenda kwenye mipangilio, riseti kompyuta, chagua kuondoa kila kitu, ila kabla hujathibitisha washa na ile ya kusafisha diski, inakula masaa mengi so chomeka chaji na uiache usiku, uombe Tanesco wasikate. Kama diski yako ni SSD, yaani ile ya kisasa isiyozunguka ndani, anza kwa kuifunga yote na BitLocker, kifaa cha Windows cha kufunga data isisomeke bila ufunguo, au Device Encryption kama ni Windows ya Home, ndo uriseti, sababu SSD huwa inabakiza vipande ambavyo kusafisha kwa kawaida hakuvifikii, ila vikiwa vimefungwa havisomeki.